Kabichi ya Ishirini na Moja

Mwanangu Zaina,

Salamu kwanza, tena nyingi, maana wewe ndiye uliyezifuta kwenye barua zangu zote za mwaka jana na leo nalipiza. Hujambo? Sisi hatujambo. Mama yako hajambo, yuko jikoni anakaanga maandazi ya safari ambayo yangetosha basi zima kutoka Mombo mpaka Arusha. Mbuzi hawajambo. Ukungu umeshuka mapema, umefika mpaka kizingitini, kwa hiyo nimefunga mlango nikakaa kwenye meza ya kompyuta yako, ambayo nimeisogeza pembeni kidogo kwa adabu. Wewe umekwenda kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachilia mpaka akulishe mara mbili. Nina nafasi ya kutosha.

Sitakuambia ubebe sweta. Mama yako amekwisha kukuambia, na nadhani ameficha la pili chini ya vitabu. Sitakuambia habari za swala, za watu wa stendi, wala za kuandika barua kila mwezi. Nataka nikuambie mambo niliyokosea mimi, maana hayo nayajua vizuri kuliko mtu yeyote, na moja kati ya hayo hulijui ingawa ulikuwa umesimama hatua tatu tu kutoka nilipokuwa.

Ulipozaliwa nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika. Usicheke, ilikuwa kazi ya heshima. Nilitembea na kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu, na wakulima wenye umri wa baba yangu walinisemesha kwa sauti ya chini walipokuwa wakingoja niandike kilo zao. Kwa ujinga wa ujana nilifurahia. Kisha likaja soko huria, tukaambiwa kila mtu auze anapotaka kwa bei anayotaka, na ushirika ukafa polepole. Kwanza ulikosa lori, halafu ukakosa fedha, halafu ukakosa watu. Siku ya mwisho nilifunga ghala, nikamkabidhi funguo bwana mmoja ambaye mwenyewe hakujua azipeleke wapi.

Wachuuzi wa mjini wakaanza kupanda mlima na magunia yao ya lumbesa, yale yanayoshonewa kilemba juu, wanalipa gunia moja wanabeba gunia moja na nusu. Tulilima sana miaka ile na hatukuona kitu. Ndipo tulipounda kikundi, wakulima thelathini na kitu, mimi mwenyekiti, na mjomba wako Shabani ndiye msafirishaji kwa kuwa alikuwa na lori lake dogo. Tukapata mnunuzi ambaye kila mtu alituonea wivu: duka kubwa la kujihudumia, jipya kabisa, huko Dar es Salaam. Walitaka koliflawa, karoti, letusi na kabichi. Walitupa kreti za plastiki, na kila kreti ya kabichi ilikuwa na lebo yake: kabichi ishirini.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza. Mkataba ulikuwa kurasa kumi na moja za Kiingereza. Bwana wa manunuzi, kijana mpole, aliniuliza, "Mzee, una swali lolote?" Nilikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza na nusu ya wa pili. Zilizobaki nilizifunua moja moja huku nikitikisa kichwa, kama mtu anayekubaliana nazo. Wenzangu walikuwa wananitazama, wanajivuna kwamba wana mwenyekiti msomi. Karani mzima, kalamu mbili mfukoni, niseme sielewi? Nikasema sina swali, nikasaini kwa ile ya bluu. Swali lenyewe lingechukua dakika kumi, na kijana yule nina hakika angenijibu bila kunicheka.

Miezi ya mwanzo ilikuwa sherehe. Tulipakia alfajiri mara tatu kwa wiki, na malipo yalikuja benki bila kusukumana na mtu. Halafu makato yakaanza. Duka lile halikurudisha mzigo wala kugombana nawe, lilipunguza tu kwenye malipo na kukutumia karatasi ndogo kwa posta yenye namba ya kosa na kiasi kilichokatwa. Namba tatu ilikuwa kuchelewa, namba tano kuoza, hizo tulikuja kuambiwa kwa simu. Na ilikuwepo namba saba, iliyokuja kwa wingi kuliko zote, ambayo hatukuwahi kuuliza maana yake. Niseme vizuri: ambayo mimi sikuwahi kuuliza, kwa sababu niliona naijua. Kitu kinachokatwa kwenye mzigo kitakuwa nini kama si upungufu?

Tulikuwa na haki ya kupinga kila kato ndani ya siku thelathini. Nami nilipinga, mwanangu, nilipinga kiume. Unazikumbuka barua zangu. Nilianza na salamu kwa meneja na familia yake, nikaeleza hali ya mvua, historia ya kikundi, ubora wa udongo wa Lukozi, halafu kwenye ukurasa wa tatu nikagusia kato lenyewe, kwa unyenyekevu. Kila moja ilinichukua jioni tatu. Daftari la kupakia lilikuwa chini ya kitanda changu, hati zenye mhuri wa geti lao zilikuwa kwenye lori zimelowa chai, na karatasi za makato zilikuwa kwenye sanduku la posta mjini Lushoto mpaka apatikane mtu wa kwenda. Nilipokuwa namaliza barua ya kato moja, mengine ishirini yalikuwa yamepita muda wake. Sikujibiwa hata mara moja. Nilidhani wananidharau, na hasira yangu ikatafuta mtu wa karibu.

Mkutano ule tuliufanyia kwenye darasa la shule ya msingi. Wewe ulikuwa Tanga chuoni, kwa hiyo ulisimuliwa tu, na najua waliokusimulia walinipunguzia makali. Nilisimama nikasema, "Kreti zinaondoka hapa zimejaa. Zinafika kule zimepungua. Katikati yupo mtu mmoja."

Mjomba wako alikuwa amekaa dawati la mbele, magoti yamemgusa kifua kwa udogo wa dawati. Akaniuliza, "Shemeji, unanisema mimi?"

"Mimi nasema hesabu."

"Hesabu haina mdomo. Unayesema ni wewe."

Nilitazama daftari langu kana kwamba kuna jambo jipya nimeliona. Akainuka, akavaa kofia yake, akatoka, tukasikia lori likiwaka. Mwezi ule hakuna mtu wa upande wetu aliyempa mzigo hata wa viazi. Alikwenda Shume kusomba mbao, kazi ya kuvunja mgongo na lori pamoja. Huyo ni kaka wa mama yako, aliyekuja na ng'ombe nilipofiwa na baba, aliyenifundisha kuendesha pikipiki nikaitia kwenye mtaro naye akacheka mpaka akakaa chini.

Mama yako hakunigombeza. Aliniwekea chakula mezani, akakifunika, akaondoka. Nilikula hivyo karibu mwaka mzima.

Tukapata dereva mwingine, wa mbali, ghali zaidi. Namba saba hazikupungua hata moja. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilisimama mbele ya watu walewale nikasema bila shaka Shabani amemfundisha yule mpya. Nilisema hivyo, Zaina, kwa sauti kubwa, na watu wakaitikia. Ndiyo maana siku hizi ninapojisikia nina hakika sana na jambo, nanyamaza kidogo na kujiuliza nimemaliza kurasa zote au nimetikisa kichwa tu.

Basi ukarudi wewe. Ulishuka kwenye basi na sanduku kubwa lililofungwa blanketi, nikadhani umeolewa na televisheni. Kumbe ni kompyuta na printa yake, ulizozinunua kuukuu kwa akiba yako ya mwaka, kutoka ofisi iliyokuwa inabadilisha vyombo. Hata chai hukunywa. Uliniuliza, "Tate, karatasi ziko wapi?"

"Karatasi gani?"

"Zote."

Ulilala kwenye karatasi wiki mbili. Ulizigawa katika aina tatu: tulichopakia, walichopokea, walichokata. Ulimketisha mama yako pembeni akusomee namba, na yeye ambaye kwa mwaka mzima alikuwa hanisemeshi zaidi ya "chakula hicho" akawa anatamka tarakimu kwa sauti kama mwalimu wa Kurani, na ukikosea anakurudisha. Ulinieleza kwamba kifaa kitazipanga safu tatu bega kwa bega, na popote mhuri wa geti unapopingana na kato, chenyewe kitaandika barua ya kupinga, kitaweka namba ya hati, tarehe na saa, na kitatuambia siku ngapi zimebaki kabla muda haujaisha. Niliitikia. Sikuamini hata neno moja.

Kisha printa ikaanza kulia. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, na kabla sijakimaliza zilikuwa zimetoka barua kumi na tisa. Nikachukua moja. Mistari mitano.

"Barua gani hii haina hata hujambo?"

"Tate, inakwenda kwa karani mwenye mamia ya karatasi mezani. Anataka namba ya hati na saa ya getini."

"Na mvua?"

"Mvua hajaiuliza."

Niliona ni matusi. Nilikuambia wazi kwamba kikundi kitaaibika, mtu hawezi kumwendea mwenzake mikono mitupu bila salamu halafu amwambie amekosea. Ukanionyesha ile ya pili kutoka juu. Walikuwa wametukata kwa kuchelewa siku ambayo mhuri wa geti lao wenyewe ulisema saa kumi na moja alfajiri, saa nzima kabla ya muda. Karatasi hiyo ilikuwa kwangu wiki tatu nzima, imekunjwa, nami niliandika kurasa tatu bila kuitaja. Nikazikusanya zote kumi na tisa.

Tulizipeleka mjini kwenye faksi ya posta, tukalipa kwa kila ukurasa, na yule dada wa kaunta akatuuliza kama tunashitaki serikali. Siku ya tisa akanitumia salamu kwamba kuna majibu. Nilishuka Lushoto kwa miguu maana sikuweza kungoja gari. Karatasi ilikuwa ya joto bado, au labda ni mkono wangu. Pingamizi kumi na saba kati ya kumi na tisa zimekubaliwa. Fedha zitarudishwa katika malipo yajayo.

Zaina, nilifanya mambo ambayo sikukusimulia. Nilipita sokoni siku ya soko na karatasi ile nimeinyanyua juu kama bendera. Niliwasomea wauza mitumba. Niliwasomea mafundi baiskeli. Mzee mmoja kutoka Mnazi aliyekuja kuuza mpunga wake nilimsomea mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza hakuonekana kushituka vya kutosha. Nilikuwa nasema, "Binti yangu! Mashine ya binti yangu!" Nilinunua nyama kilo tatu, nikasahau kwamba sina pesa za kurudia nyumbani. Nilipanda mlima kwa miguu, nyama mgongoni, naimba. Tangu ghala la ushirika lifungwe sikuwahi kuimba barabarani.

Tangu siku hiyo kila kato la uongo lilikutana na barua yake wiki ileile. Na wale watu wa dukani wakaanza kuwa waangalifu, maana kumkata mtu asiyejibu ni rahisi, kumkata anayejibu kwa tarehe na saa ni kazi. Makato yakapungua mpaka yakabaki yale ya haki. Na namba saba.

Ulinikuta napalilia karoti, asubuhi, jua zuri. Ulikuwa na mkataba mkononi, umeufunua ukurasa wa kumi na moja.

"Tate, namba saba si upungufu."

"Ni nini?"

"Ni kreti ambayo idadi yake si ile ya lebo. Ikipungua au ikizidi, wanaifungua, wanaihesabu upya, na gharama ya kuhesabu ni yetu." Ukaufunga mkataba. "Nimezipitia zote. Hakuna hata moja iliyopungua. Zote ni ishirini na moja, ishirini na mbili."

Hukuniuliza nani anazidisha. Ulikuwa ukinifuata alfajiri tangu una miaka sita, ulijua tabia yangu. Shabani akishahesabu na kusaini, mimi nilikuwa napita na kikapu cha kabichi za shamba langu mwenyewe, nafungua kifuniko, naweka moja juu. Nyongeza. Bibi yako alinilea hivyo, kwamba mnunuzi anayeondoka na hesabu kamili anaondoka kama amefukuzwa. Hakuna mtu wa milima hii anayeuza kitu bila kuongeza chochote juu yake, na mwenyekiti ndiye wa kwanza kuonyesha mfano. Nilikuwa nawaambia wenzangu, mzigo wa Washambaa hauendi mjini umekonda. Nilikuwa najisikia vizuri kila alfajiri. Miaka miwili tuliwapa wale watu kabichi za bure, kisha tukawalipa kwa taabu ya kuzipokea, na kwa ajili hiyo nikamwita kaka wa mke wangu mwizi.

Nilikaa kwenye tuta. Halafu nikakuambia neno ambalo ningependa usilikumbuke, lakini najua unalikumbuka. Nilisema, "Kwenye taarifa ya mkutano, hizi za namba saba ziondoe. Watu wanataka kusikia pesa zilizorudi."

"Nikiziondoa, mjomba anabaki mwizi."

"Mimi ni baba yako."

"Ndiyo, tate. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza."

Ukaondoka, nami sikukusemesha siku nane. Nilijiambia umekosa adabu, kwamba chuo kimekuharibu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya hata kukutazama unavyokoroga uji.

Sasa nifike pale usipopajua. Ijumaa ile ya mkutano, baada ya swala, uliniwekea mezani rundo lote la karatasi, za ushindi juu na za namba saba chini, ukasema, "Mwenyekiti atasoma," ukaenda pembeni. Kwenye mfuko wa kanzu yangu nilikuwa na karatasi nyingine. Niliiandika mwenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa mwandiko mzuri wa kikarani. Ilitaja kila fedha iliyorudi. Mwisho ilisema makato ya namba saba bado yanachunguzwa. Niliingia darasani nimeazimia kusoma hiyo.

Mjomba wako alikuwa amekuja. Mama yako alimfuata Shume mwenyewe, sijui alimwambia nini. Hakuingia ndani, alisimama nje ya dirisha na kofia yake kichwani.

Nilianza na ushindi, na unakumbuka ilivyokuwa. Wanawake walipiga vigelegele mpaka watoto wa jirani wakaja kuchungulia. Kila jina nililotaja na fedha yake iliyorudi, mwenyewe aliinuka akapunga mikono. Mama Rehema alicheza katikati ya madawati. Walikuwa wanalia kwa furaha, na wakati wanashangilia nikaona kwamba naweza kukaa. Nikikaa, basi. Hakuna atakayeuliza. Hilo ndilo lililonitisha, jinsi lilivyokuwa rahisi. Nikatia mkono mfukoni, nikaishika ile karatasi yangu.

Nikakutafuta kwa macho. Nilitegemea utakuwa unanikodolea, na kama ungenikodolea, nakuapia, ningesoma yangu kwa ukaidi. Lakini hukuwa unanitazama. Ulikuwa umemwinamia Bibi Mwanaidi unamwelekeza jina lake liko wapi kwenye orodha. Ulikuwa umeniachia. Mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu alikuwa ameniamini kazi ile na kuendelea na yake.

Nikaiacha karatasi mfukoni. Nikachukua zile za chini.

Nilisema, "Namba saba ni mimi." Wakadhani natania. Nikawaeleza, kreti kwa kreti, lebo inasema nini, geti linasema nini, na kikapu changu cha alfajiri. Nilisoma mpaka mwisho, nilisoma hata jumla. Mama Rehema akasema, "Yaani mwenyekiti, umetutia hasara kwa kugawa?" Mtu akacheka, wakacheka wote, nami nikacheka huku machozi yananitoka, na sijali kwamba uliyaona.

Kisha nikageukia dirisha. "Shemeji Shabani, nilikuita mwizi mbele ya watu hawa. Mbele ya watu hawa nasema hakuna aliyeiba kitu, si wewe wala aliyefuata baada yako. Mwenye kosa ni mimi. Naomba unisamehe."

Akasema, "Nimesikia." Akaondoka.

Wewe ulidhani nilikuwa jasiri. Uliniambia hivyo njiani, ukanishika mkono. Sikustahili, nilikuwa na karatasi ya uongo kwenye kanzu wakati huohuo. Niliichoma kwenye jiko la mama yako siku ileile, lakini nimeona usiondoke hapa ukimjua baba ambaye hakuwepo. Huyu aliyepo alikaribia sana kukaa chini. Siku moja na wewe utakuwa na karatasi mfukoni, na huenda hatakuwepo mtu wa kukuacha hivyo, akuamini bila kukutazama. Ukifika hapo, kumbuka tu kwamba mimi niliponea hapohapo, na kwamba sijawahi kulala usingizi mzuri kama wa Ijumaa ile.

Mengine unayajua. Shabani alirudi kubeba mzigo wetu wiki iliyofuata. Kabichi ni ishirini, wala si moja zaidi, na mkono wangu unawasha kila alfajiri lakini nautia mfukoni. Tangu mkutano ule namba saba haijaja hata mara moja. Kikundi kimenunua mizani mpya. Mama yako anaiendesha mashine kuliko mimi, anagonga kwa vidole sita, mimi viwili, na barua zake zimekuwa kali kiasi kwamba meneja wa kule aliuliza kama tumeajiri wakili. Na wewe, binti wa karani wa ushirika uliokufa, umeandikiwa barua na vikundi vitatu vya wakulima wa maharage ya kijani huko Arusha, watu wenye mashamba na magari, wanakuomba uende ukawafanyie ulichotufanyia sisi. Nimeisoma barua hiyo mpaka imechanika mikunjoni. Nitaendelea kuisoma. Najivuna, na sitaomba radhi kwa hilo, nimeomba radhi za kutosha mwaka huu.

Jambo moja tu halijarudi. Shabani alisafishwa mbele ya watu, anafanya kazi, ananiitikia salamu. Lakini nyumbani kwangu haingii. Anasimamisha lori barabarani, anapiga honi. Mama yako humpelekea chai mpaka dirishani, na kikombe kinarudi kimejaa. Sijamlaumu wala sijamtuma mtu. Nilimwambia nimekosa, akasema amesikia, na kati ya kusikia na kusamehe pana safari ambayo mimi siwezi kumwendeshea. Kesho atakupeleka Mombo, amekubali, lakini alisema atapiga honi.

Ngoja. Kuna mtu anabisha hodi.

Nimerudi, nami nitaandika haraka. Ni yeye. Nilifungua mlango nikamkuta amesimama kwenye ukungu na kamba za kufungia sanduku lako begani. Akasema barabara ya kwao imeharibika kwa mvua, akilala kule kesho atakuchelewesha, kwa hiyo atalala hapa. Mvua haijanyesha tangu Jumapili, Zaina. Nikasema, "Karibu, shemeji." Akavua viatu.

Akapita moja kwa moja jikoni. Nikasikia mama yako ameangusha mwiko. Sikuwafuata, sikujua niuweke wapi uso wangu, nikarudi hapa mezani kujifanya naandika. Nasikia sauti ya sufuria, nasikia kiti kinaburutwa, kile changu, kinachopiga kelele. Nasikia anamuuliza dada yake makande haya ameyatia chumvi au ameyaonyesha tu. Mama yako anacheka. Sijakisikia kicheko hicho siku nyingi.

Sasa ananiita. Anaita kwa sauti kubwa, kutoka ndani ya nyumba yangu, kama mwenye nyumba: "Shemeji! Wacha hizo barua zako ndefu, njoo ule, chakula kinapoa!"

Naenda, mwanangu.

Baba yako